Mshenga Asiyekunywa

Rafiki yangu alinipigia simu mchana, wakati duka limejaa wateja na mimi nimeshika mkasi nakata kitenge. Aliniambia niache kila kitu nimfuate mtaa wa Gerezani. Nilimuuliza kuna nini, akasema, "Njoo kwanza." Hapo nikajua kuna jambo, maana mtu huyu kwa kawaida huanza kueleza kabla hujamuuliza.

Kama ni kutulia, mimi sikujaliwa. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali, na tangu siku hiyo nakimbilia huko. Nikikaa mguu unatikisika, nikisimama natafuta pa kwenda. Na kukimbia kote huko hakujanifikisha mbali, kwa sababu nimezaliwa Kariakoo, nimesoma Kariakoo, na duka langu la vitenge liko mtaa wa pili kutoka nyumba niliyozaliwa. Nilimwomba jirani yangu wa duka la mapazia anishikie wateja, nikavuka Msimbazi, nikapita chini ya jua lile la mchana nikiwa nimeshanuna.

Yeye ana duka la vipuri Gerezani: shokapu, beringi, springi za magari makubwa. Tulijuana alipokuja kupanga chumba cha uani nyumbani kwetu, kijana kutoka Kilimanjaro, wakati huo ndugu zake hawajahamia mjini. Mama yangu alimlisha mpaka akawa kama mtoto wa nyumba. Mwezi wa Ramadhani alifuturu na sisi ingawa hakufunga, na mama hakuwahi kumsema kwa hilo. Siku moja baba yake alikuja kumtembelea, na kwa kuwa chumba chake kilikuwa kidogo, mzee alilala chumbani kwangu juma zima. Tukazoeana. Tangu hapo ananiita mwanangu wa Kariakoo.

Nilimkuta rafiki yangu amesimama nje ya duka lake, amelifunga kabla ya saa za kufunga. Mkononi ana gazeti lililokunjwa na begani ana mfuko wenye kitu cha duara ndani.

"Mzee anaondoka kesho alfajiri," akasema.

Nilijua mzee yupo mjini. Aliletwa kutibiwa jicho, amefikia Buguruni kwa binti yake, dada yake rafiki yangu. Na nilijua kwamba kwa siku zote hizo baba na mtoto hawajaonana. Hawasemezani kwa miaka sasa, tangu rafiki yangu alipouza sehemu yake ya kihamba, lile shamba la migomba ambalo kwao hurithishwa na haliuzwi, hasa kwa mtu asiye wa ukoo. Aliiuza ili afungue duka la vipuri. Duka likasimama, lakini baba yake akaacha kupokea simu zake.

"Nataka nimwombe msamaha kabla hajapanda basi," akasema. "Kwa taratibu zetu."

Taratibu zao aliwahi kunisimulia. Kwao, kwa jambo zito kama hilo, mtu haendi tu kusema samahani. Anamtuma mtu, na huyo mtu anabeba jani la isale, na pamoja na jani anabeba mbege, ile pombe yao ya ndizi na ulezi. Isale likishafika mbele ya mwenye hasira, ni taabu sana kulikataa. Alilifungua lile gazeti akanionyesha jani lenyewe, refu na la kijani kibichi, ncha yake imechongoka. Alilichuma kwenye bustani ya benki moja kule Mnazi Mmoja, ambako limepandwa kama ua. Mlinzi alimuuliza la nini, akamwambia dawa. Kwenye mfuko kulikuwa na kibuyu, amekinunua kwa wauza dawa za asili Kariakoo, na muuzaji naye akampa pole ya ugonjwa.

"Sasa mimi naingia wapi?" nikamuuliza, ingawa nilishaona ninapoingia.

"Wewe ndiye utakayepeleka."

Aliwaomba kaka zake wawili wa hapa mjini, wakakataa. Hawakutaka baba aone kwamba wako upande wake. Wazee wa kwao walioko Dar walimwambia angojee Desemba, watu wakienda nyumbani. Yeye aliona Desemba ni mbali mno kwa mzee mwenye umri ule. "Anakupenda wewe," akaniambia. Ilikuwa kweli, na kwa hilo alikuwa ameshanibana. Nikasema sawa, leta hiyo mbege niondoke, magharibi isinikute njiani.

"Mbege tunaifuata," akasema.

Tuliifuata karibu tu, upande wa reli. Palikuwa na banda kubwa la bati ambalo miaka yote nilikuwa nikilijua kama gereji. Sasa limepakwa rangi nyeusi, mlangoni pana ubao na chaki, na limekuwa kiwanda kidogo cha bia. Wanapika wenyewe humohumo na wanauza humohumo. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nadhani tunaenda kwa mama fulani wa uani mwenye ndoo na vikombe, tuchukue tuondoke. Hapa kulikuwa na kioo kikubwa kinachotazama barabara, na meza za mbao, na vijana wenye kompyuta zao wanakunywa huku wanafanya kazi.

"Ingia basi," akasema.

Nataka niseme ukweli hapa. Kunywa sikukuogopa, kwa sababu sijawahi kunywa na wala sina hamu. Nilichoogopa ni kuonekana. Gerezani nusu ya wenye maduka naswali nao Ijumaa, na habari yangu ingefika nyumbani kwa mama kabla mimi sijafika. Niliingia kichwa chini kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Nilikaa meza ya karibu, nikaona inatazama barabara, nikahama. Ya pili ilikuwa karibu na mlango wa choo na kila anayepita ananiangalia, nikahama tena. Mhudumu akaja kuniuliza kwa adabu kama kiyoyozi kinanisumbua.

Rafiki yangu aliletewa ubao mdogo wenye glasi nne za kuonjea, kila moja rangi yake. Mimi niliomba soda. Soda hawana, wana kinywaji cha tangawizi wanachotengeneza wenyewe.

"Kina kilevi?" nikauliza.

"Hapana, bosi. Ni tangawizi, limau na sukari."

Nilikinusa. Kilinukia tangawizi. Lakini nilikuwa nimekaa katikati ya matangi ya pombe, na kila kitu mle kiliwahi kuoshwa kwenye sinki moja, kwa hiyo nikakisogeza pembeni nikaomba maji ya chupa. Mhudumu akaenda kuyaleta, na mimi nikaona aibu, halafu nikakasirika kwa kuona aibu.

Mwenye kupika alikuja baada ya muda, mwanamke wa umri wetu, amevaa mabuti ya mpira na aproni, kichwani amejifunga kitambaa. Alikuwa mtu wa Marangu. Walisalimiana na rafiki yangu kwa lugha yao, wakacheka kidogo, kisha akageuka kwangu kwa Kiswahili na kunikaribisha tuzunguke. Nilitaka kusema hatuna muda. Rafiki yangu alikuwa ameshasimama.

Basi tukazunguka. Sakafu ilikuwa na maji, mipira imelala huku na huku, na harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa ilikuwa nzito kiasi cha kuihisi ulimini. Matangi ya chuma yalikuwa marefu kuliko mimi. Alitueleza kwamba bia zake nyingi ni za ngano na shayiri, lakini iliyompa jina ni ile ya ndizi. Anachemsha ndizi mpaka ziwe nyekundu, anaziacha zichachuke, anazichuja, kisha anachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na kwa uchungu anatia msesewe, maganda ya mti anayoletewa kutoka nyumbani. Mpaka hapo ni mbege yenyewe. Lakini mbege haiingii kwenye chupa. Ikiiva leo, kesho imeshakuwa kitu kingine. Kwa hiyo ya kuuza anaichuja tena mpaka iwe maji matupu, anaipooza, anaitia gesi.

"Wewe uliniagiza ile yenye uji," akamwambia rafiki yangu. "Imeiva asubuhi hii. Usiku ukiingia usinilaumu."

"Umesikia?" nikamwambia. "Twende."

Hakusikia. Alikuwa ameinama kwenye tangi dogo la mwisho, amepewa kikombe, anaonja. Alionja, akatikisa kichwa. Akaonja tena. Akasema ulezi ni mdogo. Akaongezewa kutoka chini ya tangi ambako uji umezama, akaonja, akasema sasa msesewe umezidi. Nikatazama saa. Nilitazama mlango. Simu yangu ikaita, jirani wa mapazia anataka kujua bei ya kitenge cha maua makubwa, na nilipomaliza kumjibu nikamkuta bado anaonja.

"Si yenyewe," akasema.

"Si yenyewe ya nani?" mpishi akamuuliza.

"Ya mama."

Mama yake alifariki kabla rafiki yangu hajauza shamba. Nilijua alikuwa mpishi wa mbege anayesifika kijijini, na kwamba mzee kila mara alilalamikia mbege yake, imekuwa nzito, imekuwa nyepesi, huku akiinywa mpaka machicha. Rafiki yangu alikuwa anapenda kuigiza malalamiko hayo, sauti ya baba upande huu na sauti ya mama upande ule, sisi tunacheka uani. Siku ile hakuigiza. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, anatazama kilichobaki ndani.

"Ya mama yako siwezi kuipika," yule mwanamke akamwambia. Hakusema kwa ubaya. "Mimi napika ya kwangu. Nikujazie au nisikujazie?"

Akajaza dumu la plastiki. Akatuonya kifuniko kisikazwe, kwa sababu bado inachemka na dumu linaweza kupasuka. Rafiki yangu akanipa lile gazeti lenye isale nimshikie ili ainue dumu, nikalibana kwapani. Mpishi alikuwa anajifuta mikono.

"Anayepeleka ni nani?" akauliza.

Rafiki yangu akanielekezea kidevu.

Yule mwanamke akaniangalia, akaangalia chupa yangu ya maji, akaniangalia tena. "Huyu? Si hanywi?"

"Hanywi."

"Sasa ataonjaje?"

Nikauliza kuonja nini. Alinieleza yeye, kwa sababu rafiki yangu ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kupanga kamba ya mfuko. Pombe ya namna hiyo, akasema, anayeileta ndiye anayetangulia kunywa, mbele ya anayeletewa. Anaonyesha kwamba haina kitu kibaya ndani yake, na kwamba aliyemtuma hana kitu kibaya moyoni. Asipoonja yeye, mzee haigusi.

"Ulijua?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Nilifikiri utagusisha mdomo tu."

"Utagusisha mdomo."

"Mdomo wa juu tu. Wala huhitaji kumeza."

Sikumbuki yote niliyomwambia. Nakumbuka nilimwambia kwamba amekula futari ya mama yangu miaka yote ile na leo anataka kunigeuza njia ya mkato. Nakumbuka alinijibu kwamba mimi nina baba niliyemzika tukiwa tunasemezana, kwa hiyo sijui ninachokisema. Vijana wenye kompyuta waliacha kuandika. Nilitoka nje, nikapita katikati ya mafundi wanaogonga mabampa barabarani, nikaelekea Kariakoo bila kugeuka. Nilifika kwenye kivuko cha mabasi ya mwendokasi, nikanyoosha mkono kumzuia dereva wa pikipiki nivuke, na gazeti likanidondoka.

Nilikuwa nimeondoka na isale.

Niliokota lile gazeti nikasimama nalo katikati ya watu wanaonisukuma. Kulitupa sikuweza. Sio jani la kwetu na halinihusu, lakini nililijua ni la nini, na ukishajua kitu ni cha nini huwezi tena kukitupa kama takataka. Na lile neno lake la baba yangu lilikuwa limenichoma kwa sababu ni kweli. Baba yangu alikufa mkononi mwangu akiniuliza kama nimekula. Nilisimama pale muda mrefu kwa mtu wa aina yangu, kisha nikarudi.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, dumu katikati ya miguu.

"Nitapeleka," nikamwambia. "Kuonja sijui. Tutajua hukohuko."

Akanielekeza namna ya kuliweka jani na maneno ya kusema, tukapata bajaji. Yeye alisema atatangulia na bodaboda na kuningoja kona ya karibu na nyumba ya dada yake, kwenye banda la chipsi, kwa sababu anayetuma haonekani mpaka jibu litoke. Nilipanda peke yangu na dumu, kibuyu na jani. Barabara ya Uhuru ilikuwa imejaa, na kila bajaji iliporuka shimo mbege ilipanda na kumwagika povu kwenye kile kifuniko kilicholegezwa, ikateremka kwenye suruali yangu. Dereva alivuta pumzi mara mbili, akanitazama kwenye kioo. Alikuwa amevaa kofia ya kiua, mtu wa msikitini kama mimi. Nilitaka kumweleza. Halafu nikaona nikianza kumweleza tutafika Buguruni sijamaliza, nikakaa nimeinua magoti, natazama maduka ya vyuma chakavu yakipita polepole.

Dada yake alinifungulia mlango. Aliona dumu, akaona ncha ya jani inatoka kwenye gazeti, akavuta upande wa khanga akauziba mdomo. Hakuniuliza nimetumwa na nani. Alinipisha nikaingia uani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kamba za nguo, amevaa koti licha ya joto, jicho moja limefungwa bandeji. Begi lake la safari lilikuwa tayari pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni mwanangu wa Kariakoo hiyo sauti. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu," nikasema, na Mungu anisamehe, mama hakujua hata kama nimetoka dukani.

"Unanuka mbege, mwanangu."

Nilipiga magoti nikaliweka jani mbele yake kwa mikono miwili, kama nilivyoelekezwa. Maneno niliyofundishwa yalinipotea. Nilisema tu kwamba mwanawe amenituma, anajua amekosa, anaomba. Mzee hakuligusa jani. Aliliangalia kwa lile jicho lake moja. Nilisikia mafuta ya jirani yanakaanga kitu. Yule dada akachukua kibuyu, akakijaza kutoka kwenye dumu, akaniwekea mkononi.

Nilijua kinachosubiriwa. Naweza kusema leo kwamba nilifikiri sana, lakini sikufikiri. Niliona tu kwamba basi ni kesho, na mzee ni mzee, na mtu mmoja amesimama kwenye banda la chipsi anahesabu magari. Nikanyanyua kibuyu. Harufu ilinipanda puani, ya uji na ndizi na kitu kichungu. Kilikuwa kimeshafika mdomoni mzee aliponyoosha mkono akaufunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja chake.

"Wewe hunywi," akasema.

"Sinywi, mzee."

"Basi usinywe kwa sababu ya mtu mwingine. Nitamtazamaje mama yako?"

Akakishusha kibuyu taratibu, mkono wake ukiwa bado umekifunika.

"Aliyekutuma anajua kwamba hunywi?"

"Anajua."

"Na anajua kwamba anayeleta ndiye anayeonja?"

Niliangalia lile jani pale chini.

"Basi amenitumia pombe isiyonyweka," akasema.

Hapo nikaona tumeharibu kila kitu, rafiki yangu kwa ujanja wake na mimi kwa kiherehere changu cha kukubali. Maneno yakaanza kunitoka bila mpango. Nilimwambia mzee kwamba mwanawe hakuwa na ujanja, alikuwa na woga. Nikasema kaka zake wamemkatalia, wazee wamemkatalia, hana mtu, ndiyo maana akaja kwangu, na kwamba ameonja mbege ile mpaka nikataka kumwacha pale, anatafuta ya mama yake. Nilisema mengi. Mzee aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Yuko wapi sasa?"

Nilitakiwa kusema hayupo, yuko mbali, anangoja jibu. "Kona pale," nikasema. "Kwenye chipsi."

"Mwite."

Nilikimbia. Rafiki yangu aliponiona nakuja mbio aligeuza uso akatazama ukuta, maana aliamua kwamba nimefukuzwa. Nilimshika mkono.

"Anakuita."

"Amepokea?"

"Nimesema anakuita. Njoo."

"Haiendi hivyo. Kwanza anapokea, halafu—"

"Wewe twende bwana."

Aliingia uani amevua kofia. Alisema shikamoo baba, na salamu ikabaki hapo haina wa kuipokea. Mzee alimwonyesha kibuyu kwa kidole. Rafiki yangu alipiga magoti pale nilipokuwa nimepiga mimi, akakinyanyua, akanywa. Povu likabaki kwenye masharubu yake na hakulifuta.

"Sikuona," mzee akasema. "Jicho hili limefungwa. Onja tena."

Akasogea upande wa jicho zima, akanywa tena, safari hii polepole. Mzee akakichukua kibuyu kutoka mikononi mwake. Alikinusa kwanza. Kisha akanywa, na yule dada aliyekuwa amesimama mlangoni akakaa chini palepale kwenye kizingiti.

"Ulezi mdogo," mzee akasema.

"Nilimwambia," rafiki yangu akasema kwa sauti ndogo.

Mzee aliweka kibuyu magotini. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta namna ya kuaga, maana adhana ilikuwa karibu na suruali yangu haifai kwa msikiti wowote. Lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Mama yako yuko upande uliouza," akasema. "Nikitaka kung'oa magugu kaburini, napiga hodi kwa mtu."

Hilo sikulijua. Kwao watu huzikwa shambani, karibu na nyumba, hilo nilijua. Lakini kwa miaka yote tuliyokula sahani moja, rafiki yangu hakuwahi kuniambia kwamba kaburi la mama yake liko ndani ya kile alichokiuza. Nilimtazama. Alikuwa anatazama sakafu.

"Nilipatana naye, baba. Tuliandikishana kwamba mtaruhusiwa kuingia."

"Naruhusiwa," mzee akasema. "Ni mtu mwema. Ananiruhusu kila mara. Ananiletea na kiti."

Rafiki yangu alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye duka, na mimi niliyekuwa nimemkasirikia mchana kutwa nilitaka kumshika bega nikaona si nafasi yangu. Mzee hakumnyamazisha. Alikunywa tena, akampa kibuyu, akamngoja anywe, akakipokea. Ndipo akainama, kwa shida, akaliokota jani la isale pale chini, akalikunja na kulitia mfuko wa ndani wa koti.

"Sasa kesho," akasema, "usije tu kunisindikiza stendi. Utapanda basi. Tutapiga hodi wote wawili."

Rafiki yangu alifungua mdomo. Nilimwona anaanza kulifikiria duka, nani atalifungua, mzigo gani unaingia, kisha nikaona anaacha. Akasema, "Ndiyo, baba," na dada yake akainuka kwenye kizingiti, akaingia ndani kumtafutia begi.